Shamba dogo la familia: mwongozo kamili wa kuanza kwa mpangilio, maji kwanza, kuku baadaye

Nimeingia kwenye mabanda mengi matupu, kuanzia Chanika hadi Mlandizi. Kuta za tofali zimesimama, bati bado linang'aa, chini kuna maranda makavu na vyombo vya maji vilivyopinduliwa. Ukiwauliza majirani, habari huwa ileile: vifaranga 200 waliletwa, wakaanza kufa mmoja mmoja, wakaisha ndani ya mwezi, na mwenye shamba hajaonekana tena.

Wenye mabanda hayo ni watu wachapakazi. Kilichowaangusha ni mpangilio: walianza na hatua ya nane. Hawakuwa na maji ya uhakika, hawakuwa na mtu wa kulala shambani, wala hawajawahi kuotesha tuta moja la mchicha, lakini kuku walikwishafika.

Mwongozo huu ni wa familia yenye robo ekari hadi nusu ekari, ambayo wazazi wana kazi nyingine na wanataka shamba la kula, la kupumzikia na la kulelea watoto. Robo ekari ni kama mita za mraba 1,000, na kwa kazi hiyo inatosha kabisa. Nimeandika kwa hali ya hewa ninayoijua, ya Dar es Salaam na Pwani: vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, masika kuanzia Machi hadi Mei. Walioko Dodoma, Singida, Iringa au Mbeya, ambako mvua ni za msimu mmoja, wafuate hatua hizihizi na kubadilisha miezi.

## Mahitaji

Usinunue vyote siku moja. Hii ni orodha ya kujua unakoelekea:

- Chanzo kimoja cha maji cha uhakika, na simtanki la lita 2,000 lenye msingi imara
- Jembe, panga, reki, chepe, sururu, keni ya kumwagilia na toroli
- Samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyokwisha kuoza, debe 20 kwa kuanzia
- Mbegu zenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ambazo muda wake wa matumizi haujapita
- Mirunda, seng'enge, misumari, wavu wa kuku wenye matundu madogo
- Gambuti, glovu, sabuni ya kunawia na sanduku la huduma ya kwanza
- Daftari la karatasi ngumu na kalamu iliyofungwa kamba
- Akiba ya kuendeshea shamba kwa miezi 6, mbali na fedha ya kununulia vitu

Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Mtu anamaliza fedha zote kwenye ujenzi, halafu wiki ya tatu anakosa hela ya chakula cha kuku na posho ya kijana wa shamba.

## Hatua ya 1: Jua kama wakati wenu umefika

Wengi husubiri kiwanja kikubwa au kiinua mgongo. Mimi naangalia mambo manne, na kila moja lina jibu la ndiyo au hapana.

Je, maji yanapatikana mwezi Septemba na mwezi Februari, miezi ambayo visima vya Pwani hupimwa imani? Je, kuna mtu atakayelala hapo kila siku, awe mmoja wenu, mzazi, ndugu au kijana mwenye mkataba na mshahara unaofika kwa wakati? Je, akiba ya miezi 6 ipo? Je, mume na mke wamekaa wakakubaliana, kwa sauti, kwamba Jumamosi zao sasa zina mahali pa kwenda?

Hapana moja inatosha kuahirisha. Kulima kwa simu kumemaliza akiba za watu wengi, kwa sababu mmea ukinyauka Jumanne hausubiri Jumamosi.

Kabla ya kutoa hata shilingi ya shamba, fanyeni jaribio la siku 90 hapohapo mnapoishi. Chukua viroba 10 vya kilo 25, toboa chini, jaza udongo uliochanganywa na samadi, panda mchicha kwenye vitano na matembele kwenye vitano. Gawaneni zamu za kumwagilia, watoto wakiwemo.

Sisi tulifanya jaribio hili tukiwa tumepanga Tabata. Mwezi wa pili tulikwenda msibani siku nne, na tuliporudi viroba sita vilikuwa vimekauka. Tukaanza kuhesabu upya, kutoka siku ya kwanza. Safari hii tulizungumza kwanza na mama wa nyumba ya pili, tukakubaliana naye: tukisafiri atamwagilia na kuchuma. Mpango huo wa jirani tumeutumia hadi leo, na ndio uliotufundisha kuuliza swali la msingi la shamba lolote: tusipokuwepo, nani yupo?

Mmefanikiwa kama: siku 90 zimekwisha, angalau viroba 8 viko hai, na hakuna aliyebembelezwa kushika zamu.

## Hatua ya 2: Litembelee eneo mara mbili kabla ya kulilipia

Mara ya kwanza nenda katikati ya masika, Aprili au Mei, siku moja baada ya mvua kubwa. Tazama maji yanaposimama na yanapopita. Mara ya pili nenda wakati wa ukavu. Kiwanja kilichokuwa kijani na cha kuvutia mwezi wa tano kinaweza kuwa bwawa lililopasukapasuka mwezi wa tisa.

Kwenye nyaraka usiwe na haraka. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, waulize kuhusu muuzaji, mipaka, hifadhi ya barabara na mgogoro wowote. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na hati yake ni ya haki miliki ya kimila. Ardhi nyingine iko chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huohuo. Hakikisha mwenza wa muuzaji ameridhia, na majirani wa pande zote nne wameonyesha mipaka kwa miguu yao. Kama ni eneo la mji, uliza pia kanuni za kufuga.

Kama ardhi ni ya babu au shangazi, bado kaeni kikao mwandikiane. Undugu ndio unaofanya maandishi yawe ya lazima.

Mmefanikiwa kama: mnaijua ardhi ikiwa imelowa na ikiwa kavu, na karatasi zina mihuri na mashahidi.

## Hatua ya 3: Maji

Hapa ndipo shamba linapoamuliwa, kwa hiyo tupige hesabu pamoja.

Mboga wakati wa ukavu zinahitaji karibu lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 linakunywa lita 50. Matuta sita ni lita 300 kwa siku. Simtanki la lita 2,000 likijaa leo, kabla ya siku ya saba limekwisha, na bado hujanywesha miti wala mifugo. Ukiijua hesabu hii huwezi kudanganywa na tanki lililojaa siku ya kuonyeshwa kiwanja.

Mvua ya paa hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita za mraba 60 likipigwa na mvua ya milimita 20 hutoa lita 1,200. Toa zinazomwagika na kuruka, hesabu 1,000. Mvua moja nzuri ya vuli ni nusu ya tanki lako. Weka gata kabla ya kufikiria kuchimba. Maji ya dakika za mwanzo yaachie yaoshe bati, na mdomo wa tanki ufunge kwa kipande cha chandarua ili mbu wasizalie humo.

Msingi wa tanki usiujenge kwa kukisia. Lita 2,000 ni tani 2. Nimeona tanki limeangukia mahali ambapo nusu saa kabla watoto walikuwa wanacheza, kwa sababu lilipandishwa juu ya mirunda ya kuazima. Jenga kwa tofali na zege, urefu wa mita 1.5 hadi 2, ili maji yashuke yenyewe hadi kwenye matuta.

Kisima kina tatizo moja la Pwani: chumvi. Ulimi hukosea, maana mtu aliyezaliwa kwenye maji ya chumvi huyaona matamu. Maharage hayakosei. Panda maharage kwenye viroba viwili, kimoja mwagilia maji ya kisima, kingine maji ya mvua, kwa wiki tatu. Kingo za majani zikiungua upande wa kisima, na ukoko mweupe ukitokea juu ya udongo, chumvi imezidi. Huna haja ya kukimbia kiwanja hicho. Minazi na spinachi huvumilia chumvi kuliko maharage, na maji ya mvua utayaweka kwa ajili ya vitalu na mboga zisizovumilia. Kabla ya kuchimba kisima kirefu, pitia ofisi ya bodi ya maji ya bonde lenu kwa ajili ya kibali.

Onyo: kisima kiwe na mfuniko wenye kufuli tangu siku ya kwanza ya kuchimbwa, hata kama kazi haijaisha. Choo kikae mita 30 au zaidi kutoka kisimani.

Mmefanikiwa kama: mmekaa wiki mbili za ukavu mkitoa lita 300 kila siku, na maji hayajakatika.

## Hatua ya 4: Chora ramani, weka uzio

Kata karatasi, chora kiwanja, onyesha jua linapotoka na upepo unapotokea. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki kuanzia Aprili hadi Septemba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi. Pepo zote mbili zimebeba mashariki ndani yake. Banda la kuku likikaa magharibi ya nyumba, harufu itakwenda zake misimu yote miwili. Tazama pia nani anaishi magharibi yako, usije ukampelekea yeye.

Mboga ziwe karibu na jiko. Kinachoonekana kutoka mlango wa jikoni hutunzwa, kilichofichwa nyuma ya migomba husahauliwa.

Uzio unakuja kabla ya jembe. Mbuzi wa jirani akiingia mara moja anamaliza kazi ya wiki sita, kisha unakosana na mtu ambaye utamhitaji siku nyumba ikivunjwa. Funga seng'enge kwenye mirunda, na pembeni yake panda michongoma mvua za mwanzo zinaponyesha. Ikishafungamana, mirunda ikiliwa na mchwa hutakuwa na hasara.

## Hatua ya 5: Tengeneza udongo

Udongo mwingi wa Mkuranga, Chanika na Bagamoyo ni kichanga. Unalimika kirahisi, lakini maji yanapita na mbolea inapita nayo. Ukienda bondeni kuelekea Mto Ruvu unakuta mfinyanzi mweusi, ambao ukikauka hupasuka na ukilowa hung'ang'ania jembe.

Pima wa kwako. Jaza nusu ya chupa ya kioo kwa udongo, ongeza maji, tikisa sana, weka mezani. Mchanga unatua ndani ya dakika moja au mbili, mfinyanzi unaweza kuchukua siku nzima. Ukilinganisha unene wa tabaka utajua unashughulika na nini.

Dawa ya kichanga na dawa ya mfinyanzi ni moja: vitu vilivyooza. Kusanya majani makavu, majani mabichi, maganda ya jikoni na samadi, rundika kwa tabaka hadi lundo la mita 1 kila upande, mwagilia liwe na unyevu, funika kwa majani ya mgomba. Ligeuze kila baada ya wiki mbili. Miezi miwili hadi mitatu baadaye mboji inakuwa nyeusi, inameguka mkononi na inanuka kama ardhi baada ya mvua. Ikinuka uvundo, ina maji mengi: igeuze, ongeza majani makavu.

Samadi mbichi ni kosa linaloua miche mingi, hasa ya kuku, ambayo ni kali sana. Ingiza mkono katikati ya rundo. Ukikuta joto, bado haijawa. Iliyooza weka debe 3 kwa tuta la mita 10, uichanganye na udongo wa juu.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi. Wakati wa masika, tuta liinue sentimita 15 hadi 20 ili maji yasisimame kwenye mizizi. Wakati wa ukavu, kwenye kichanga, fanya kinyume: lizamishe kama jaruba dogo, kingo zikiwa juu, ili kila lita unayomwaga ibaki kwenye mmea. Tuta la kuinua mwezi wa Januari kwenye mchanga wa Pwani ni sawa na kumwagilia pakacha. Tandaza nyasi kavu juu, ukiziacha mbali kidogo na shina ili mchwa wasipate daraja.

Mmefanikiwa kama: ukishika udongo wa tuta asubuhi baada ya kumwagilia jana jioni, bado una unyevu kwa kina cha kidole.

## Hatua ya 6: Matuta sita ya mboga

Anza kuandaa Agosti na Septemba, panda vuli ikianza. Mpango wangu wa mwaka wa kwanza ni huu: mchicha matuta mawili, matembele moja, bamia moja, kunde za majani moja, na tuta la mwisho nyanya chungu na pilipili. Kabichi na karoti ziache kwa Lushoto na nyanda za juu; joto letu linazitesa, na wewe utateseka nazo.

Nyanya nazo zisubiri mwaka wa pili. Najua kila mtu anazitaka. Lakini kantangaze, yule mdudu anayechimba majani na matunda, pamoja na mnyauko wa bakteria, huwafanya wanaoanza wapulizie sumu kila wiki, na sumu hiyo inaliwa na watoto wao wenyewe.

Mchicha ndio mwalimu. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo changanya kijiko kimoja cha mbegu na vikombe viwili vya mchanga mkavu, ndipo usie. Chora mistari yenye nafasi ya sentimita 20, mwaga mchanganyiko, funika kwa udongo mwembamba sana. Ukifukia kwa kina haitaota. Mwagilia kwa keni yenye matundu madogo, asubuhi na jioni, mpaka iote. Ikifika kidole kimoja, punguza iliyosongamana na mle hiyo michanga, ni mitamu. Wiki ya tatu hadi ya nne mnavuna.

Tuta la pili la mchicha lipande wiki mbili baada ya la kwanza. Ukipanda yote siku moja, wiki moja mtagawia mtaa mzima na wiki inayofuata mtanunua genge.

Matembele hayana mbegu za kununua. Omba marando kwa jirani, kata vipande vya sentimita 30, zika nusu yake. Baada ya mwezi mmoja hivi utaanza kuchuma, na kadiri unavyochuma ndivyo yanavyochipua. Bamia hutoa matunda karibu siku 50 hadi 60 tangu kupandwa. Zichumwe kila baada ya siku mbili, maana zikikomaa zinakuwa mti.

Vidukari na viwavi vikija, anza na mkono na sabuni. Vikizidi, saga mbegu kavu za mwarobaini, pima gramu 50 kwa lita moja ya maji, loweka usiku mzima, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo, pulizia jioni jua likishapoa. Rudia kila baada ya siku saba.

Onyo: ukilazimika kutumia dawa ya dukani, soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna, uziandike kwenye daftari, na uweke mti wenye kitambaa chekundu kwenye tuta hilo. Dawa isihifadhiwe kwenye chupa ya soda au ya maji hata kwa dakika moja. Watoto hunywa.

Mmefanikiwa kama: kwa wiki nane mfululizo mmekula mboga za shambani angalau mara tatu kwa wiki bila kununua.

## Hatua ya 7: Miti michache ya matunda

Chimba mashimo Januari na Februari, sentimita 60 kwa 60 kwa 60, udongo wa juu ukiuweka pembeni peke yake. Masika yakianza, changanya udongo huo wa juu na debe moja la samadi iliyooza, jaza, panda.

Papai hukuzawadia mapema kuliko yote, mara nyingi miezi 8 hadi 10 baada ya kupandwa. Nafasi iwe mita 2.5. Panda miche mitatu kwa shimo, subiri maua, kisha ng'oa madume na kubakiza mmoja unaozaa. Isipandwe mahali panapotuama maji. Mizizi yake huoza ndani ya siku chache. Migomba ipe mita 3 kwa 3 na uiweke karibu na maji yanayotoka bafuni. Embe, chungwa na ndimu nunua miche iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa na kikonyo cha mti unaojulikana kwa kuzaa, ili usingoje miaka mingi tunda usilolijua.

## Hatua ya 8: Sasa kuku

Mmekula mboga wiki nane, maji hayakukatika, kijana wa shamba amekaa na mnaelewana. Kuku wanaweza kuja.

Anza na matetea 10 na jogoo 1. Usianze na vifaranga wa siku moja. Wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, usiku na mchana, na familia nyingi hutumia jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya mkaa huua vifaranga, na huua watu. Nunua kuku wa miezi miwili au zaidi waliokwisha chanjwa, kwa mfugaji ambaye umefika kwake ukaona banda na kadi ya chanjo.

Banda la mita 3 kwa 2 linawatosha na nafasi ya kuongezeka inabaki. Urefu wake uelekee mashariki na magharibi, jua la asubuhi na jioni lipige kuta fupi. Kuta ndefu jenga sentimita 60 kutoka chini, juu yake wavu mtupu, kwani joto la Pwani linadhuru kuku kuliko baridi. Sakafu tandaza maranda au pumba za mpunga, unene wa sentimita 5 hadi 10, na zikilowa zitoe siku hiyohiyo. Weka miti ya kulalia yenye nafasi ya sentimita 20 kwa kila kuku, na viota vya sentimita 30 kila upande, kimoja kwa matetea wanne au watano. Mchana watoke, usiku mlango ufungwe kwa komeo, maana kicheche anajua kusukuma. Vifaranga wa baadaye wawekewe wavu hata juu: kunguru hubeba kifaranga mbele ya macho yako.

Kuku mkubwa hula karibu gramu 120 kwa siku. Kuku 11 ni kilo 1.3, yaani mfuko wa kilo 50 unadumu siku 38 hivi. Wakijitafutia mchana na kupewa mabaki ya mchicha, unadumu zaidi. Maji safi yasikauke kamwe, hasa saa za mchana.

Sasa kideri, ambacho wengine huita mdondo. Ndicho kilichoacha mabanda yale matupu. Kuku anajikunyata, anahema kwa taabu, anatoa kinyesi cha kijani, shingo inapinda, anakufa. Hakina tiba. Antibayotiki unazouziwa haziui kirusi hicho, na mabaki yake mnayala kwenye mayai. Kilichopo ni chanjo: tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi 3, kwa kuku mzima wa afya. Chanjo aina ya I-2 inayotengenezwa Kibaha huvumilia joto kuliko zile za zamani, lakini usiiache juani. Chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo panga siku moja na majirani wote. Kuku wao wakiwa salama, wako yuko salama.

Mkianza kuangua wenyewe, ratiba ya kawaida ni kideri siku ya 7, gumboro (ugonjwa mwingine wa virusi unaoua vifaranga) siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, na ndui ya kuku kati ya wiki ya 6 na ya 8. Afisa mifugo wa kata aithibitishe kwa hali ya eneo lenu.

Mwaka wa kwanza nilinunua majogoo wawili mnadani Jumamosi, nikawachanganya na wenzao jioni ileile kwa sababu walionekana wachangamfu. Kufikia Jumapili ya wiki iliyofuata nilikuwa nimezika kuku 9 kati ya 13. Mwanangu wa miaka saba alikuwa amewapa majina. Tangu hapo kila kuku mgeni anakaa peke yake siku 14, kwenye tenga upande wa pili wa kiwanja, na anahudumiwa wa mwisho.

Onyo: mzoga uchomwe au uzikwe kwa kina cha mita moja, usitupwe jalalani wala kuliwa. Watoto wanawe kwa sabuni kila watokapo bandani.

Mmefanikiwa kama: miezi sita imepita, chanjo mbili za marudio zimeandikwa kwenye daftari kwa tarehe, na tetea mmoja ameatamia mayai yake kwa siku 21 akatoka na vifaranga.

## Hatua ya 9: Daftari, kisha mbuzi

Kila Jumamosi kabla ya kurudi mjini andikeni mistari mitano: maji yaliyotumika, kilichopandwa, kilichovunwa, kilichokufa na sababu yake, fedha iliyotoka. Mpe mtoto kazi ya kuhesabu mayai. Baada ya miezi 12 daftari hilo litawaambia ukweli ambao kumbukumbu huupamba.

Likionyesha kwamba maji yalibaki Februari na kuna nafasi ya kupanda matete ya malisho, fikirieni mbuzi. Mbuzi mmoja wa kilo 30 anahitaji kilo 4 hadi 5 za majani mabichi kila siku, kwa hiyo panda malisho msimu mmoja wa mvua kabla ya kumleta. Mbuzi wa maziwa wanaostawi Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, wamezoea ubaridi. Kwa joto la Pwani tafuteni chotara. Banda liwe la kuinuliwa, sakafu ya mbao zenye nafasi ndogo ili kinyesi kidondoke, na muulizeni afisa mifugo kuhusu chanjo ya sotoka ya mbuzi kabla hawajafika.

Nunueni wawili kwa pamoja. Mbuzi ni mnyama wa kundi. Mmoja peke yake hulia usiku kucha, hula vibaya na hutafuta njia ya kuvunja uzio.